Lupu ya Cherehani

Mafundi cherehani wa Makambako wana siri zao, lakini hakuna aliyezificha kama Esnath Tweve. Wenzake wakikata karatasi za vipimo huandika juu yake kinachoeleweka: mkono, mgongo, kola. Esnath hakuandika. Alichora mguu wa kuku, mwezi mchanga, msalaba uliolala ubavu, na vitobo ambavyo maana yake aliijua yeye na Mungu wake. Ukilifungua bunda lake la karatasi za kaki ungedhani umeshika vitu vya mganga, na mwenyewe alikuwa Mlutheri wa kuanzia kwao Bulongwa, tumboni mwa mama, mshonaji wa sare za kwaya tangu usichana. Ushirikina hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni wivu wa kazi, tena wivu wa wazi asioona haya kuusema.

"Anayetaka kushona kama mimi," alizoea kutamba, "na aanze kwanza kupigwa na baridi iliyonipiga mimi."

Maneno hayo alimwambia Jenifer Mgaya, fundi mwenzake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Walikuwa wamepanga baraza moja nyuma ya soko, cherehani zao zikitazamana. Jenifer alikuwa Mbena, Mkatoliki, mcheshi, na mtu asiyejua kununa. Alimwacha Esnath atambe, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Cherehani ya Esnath ilikuwa ya miguu, kuukuu, yenye mkanda wa ngozi uliokatika zamani akauunga kwa kipande cha waya. Kila kile kiungo kilipopita juu ya gurudumu kililia. Tik, tik, tik, tik, tik, tik, tik, tok. Siku nzima. Wateja walimwambia anunue mkanda mpya. Jenifer ndiye aliyesikia kitu kingine.

"Mama Peace," alisema siku moja akiwa na pini mdomoni, "hiyo cherehani yako mtu anaweza kuiimbia."

Esnath alicheka, lakini neno lilimwingia. Binti yake Peace, aliyekuwa chuoni Mbeya, alikuwa amemwekea kwenye simu programu ya kutengenezea muziki, yenye picha ya jani la buluu. Unarekodi kipande kifupi cha sauti, jani la buluu linakikata mwanzo na mwisho, linaviunganisha, na sauti inazunguka bila kukoma. Vijana wa studio huita kipande hicho lupu. Ukitaka iende haraka, inakwenda. Ukitaka itulie, inatulia, na sauti haibadiliki ikawa ya katuni, kwa sababu ndani ya faili programu imeweka alama zake za mwendo na za mlio. Faili la namna hiyo si kama wimbo unaotumiwa na jirani ukausikiliza kwenye simu yoyote. Alama zake husomwa na jani la buluu peke yake.

Mtu mwingine angeliona hilo ni kasoro. Esnath lilimfurahisha. Lilikuwa na tabia zake hasa.

Basi akaiweka simu juu ya meza ya cherehani, akakanyaga, akairekodi ile tik-tik-tok. Juu yake akaongeza sauti yake mwenyewe. Wakati huo Esnath aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wao, na watu waliokuja kuabudu kutoka Ilembula walikuwa wakiuliza yule mama mwembamba ni nani. Hakuweka maneno. Aliweka mwitikio tu, mm-hmm mara mbili, pale katika upenyo baada ya tok. Rabson, mwalimu wa kwaya, aliposikia alikaa kwenye ngazi za baraza na nguo zake nzuri, na kabla hajainuka alikuwa ameshapata nusu ya wimbo. Ulimhusu mama mmoja wa zamani aliyewashonea wajane kanzu, na alipokufa wajane wakaja na zile kanzu mikononi wakilia. Kwaya iliuita "Kanzu za Wajane", na hatua yao ya mguu wa kulia ikawa inaanguka pale pale kwenye tok.

Hapo kukawa na kitufe. Nakitaja kwa sababu kitakuja kuuma baadaye. Jani la buluu lilikuwa na kitufe kidogo cha kuitoa lupu kama wimbo wa kawaida, wa kufunguka kwa kila mtu. Esnath alikiona. Alikipita kama mtu anavyopita mlango wa mdai wake. Aliogopa kwamba ikishatoka, kila kwaya kuanzia Mafinga hadi Songea itaichukua.

Kisha likaja rovu. Lilikuwepo shingoni miaka mingi, dogo, akilifunika kwa mtandio, halafu likaanza kukua hadi akawa anameza chakula kwa shida. Daktari alimweleza bila kuficha: tutalitoa, utapona, lakini mshipa wa sauti uko jirani kabisa, na wakati mwingine sauti hairudi ilivyokuwa. Esnath alikubali. Rovu likatoka, akapona, akarudi nyumbani anakula vizuri. Sauti nayo ilirudi, ila ilikuwa ya mkwaruzo, nzito, ya chini, sauti ambayo mwenyewe alipoisikia mara ya kwanza aligeuka kutazama nani ameingia chumbani.

Sauti ya kwanza ndiyo ikawa basi. Rabson, ambaye alikuwa na moyo mzuri, hakumtoa kwenye kwaya. Alimpa spika. Esnath akawa anasimama mstari wa mbele katika sare aliyoishona mwenyewe, mdomo umefungwa, simu mkononi, na wimbo wa "Kanzu za Wajane" ulipofika alibonyeza jani la buluu, cherehani ikalia kanisani, na sauti yake ya zamani ikaitikia mm-hmm, mm-hmm. Wenzake walimwita "Esnath wa kwenye simu". Alicheka nao. Nyumbani alilia, maana kuionea wivu sauti yako mwenyewe ni jambo la aibu na huwezi kumweleza mtu.

Alipokuwa hospitalini palitokea jambo jingine. Sare za nusu ya kwaya zilikuwa hazijashonwa na sikukuu ya mavuno ilikuwa mlangoni. Jenifer alilifungua lile bunda la kaki. Akatazama miguu ya kuku, akatazama miezi, akakuna kichwa. Akalifunga. Kisha akachukua sare moja iliyokuwa tayari, ya Esnath mwenyewe, akaifumua yote, uzi kwa uzi, kwa wembe. Akapiga pasi kila kipande, akakilaza juu ya karatasi, akakizungushia chaki. Kwa vipimo hivyo akashona sare zote zilizobaki, kwa kwaya ambayo hata si ya dhehebu lake, kisha akairudishia ile ya Esnath ikawa kama haijaguswa.

Mtu mwenye shukrani angelipiga magoti. Esnath aliporudi akakuta kwaya nzima imevaa, aliona jambo moja tu: kuna mtu amejua mkato wake. Hakugomba, maana sauti ya kugombea hakuwa nayo. Alitundika pazia katikati ya baraza. Tangu hapo wakawa watu wa salamu, umeamkaje na nimeamka salama, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wakati huo alishabadili simu. Ile ya zamani alimpa mama yake mdogo, Dorkasi, aliyekuwa akiuza viazi Njombe mjini, akamsihi afute kila kilichomo. Na mkanda wa cherehani nao, baada ya kukatika tena, alinunua mpya. Ile tok ikabaki ndani ya lupu tu, na lupu, aliyokuwa ameihamisha, ikabaki ndani ya simu yake mpya, na humo ndimo ilimokuwa sauti yake yote ya zamani. Hakuwahi kurekodiwa popote pengine. Nani angedhani sauti itakuja kuisha?

Mwaka huu kwaya ikaamua kurekodi. Studio ilikuwa Njombe, ya kijana mmoja aitwaye Brayson, na wimbo wa kwanza ungekuwa "Kanzu za Wajane". Siku ikapangwa, Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo simu ya Esnath ikajiapdeti yenyewe, kama zinavyofanya, na alipoligusa jani la buluu likamwandikia kwamba huduma hii imefungwa. Waliolitengeneza, huko waliko, walikuwa wamefunga duka lao na kuondoka.

Mafaili yalikuwapo. Hicho ndicho kilichomtesa. Aliyaona kwa majina, "Cherehani", "Cherehani na sauti", uzito wake ni ule ule, lakini kila alipoligusa moja simu ilimuuliza alifungue kwa kutumia nini. Akayaweka kwenye memori kadi, akampelekea Brayson Njombe. Brayson alikuwa kijana wa kofia ya sufu, mwenye adabu, na alihangaika kweli. Alijaribu programu hii, akajaribu ile. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa mchakarisho, kama viazi vinavyokaangwa.

"Mama, faili hili linasema lugha ya kwao tu," alisema. "Hukuwahi kulitoa kama wimbo wa kawaida? Huwa wanaweka kitufe."

"Kilikuwepo."

"Sasa?"

"Sikukibonyeza," Esnath alisema. "Niliogopa wataichukua."

Brayson hakumcheka. Alimpa midundo yake mwenyewe, safi, isiyo na mikwaruzo, akamwambia aipeleke kwaya ikafanyie mazoezi. Jioni ya Jumatano kwaya ikaijaribu. Ilikuwa vurugu. Mguu wa kulia ulingoja tok, tok haikuja, mstari wa nyuma ukawakanyaga wa mbele. Walicheka, wakarudia, na mara ya nne walianza kuzoea. Esnath alisimama na mikono mitupu akiwatazama wanavyozoea.

Rabson akamwita pembeni. "Mama Peace, usijisumbue sana na hiyo simu. Jumamosi pumzika tu. Tumefikiri na viongozi, tukufanye mlezi wa kwaya."

Aliyekulia kwenye kwaya za huku anajua mlezi ni nani. Ni mtu anayeheshimiwa sana, anayekaa kiti cha mbele, anayepewa soda kwanza, na asiyeimba. Esnath alisema asante. Alitembea hadi nyumbani akiwa na hasira na kila kitu: jani la buluu, rovu, Rabson na wema wake, na yule Esnath wa zamani aliyejiona mjanja mbele ya kitufe.

Kesho yake alikuja barazani lakini hakushona. Alikaa. Nyuma ya pazia kulikuwa na mlio mdogo wa wembe ukikata uzi, krr, krr, krr, na mlio huo ulimkera kwa sababu alikuwa akiujua.

"Unafumua nini?" aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Jenifer, ukitoa salamu, kwa muda mrefu mno.

Wembe ukanyamaza. Jenifer naye alishangaa. "Gauni la mteja. Anataka lingine kama hili hili, na fundi wake amehamia Tunduma na vipimo vyake."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitafanyaje vipi? Vipimo vimeondoka, gauni si limebaki? Nguo ikishavaliwa, mama, haifichiki. Unaifuata ilivyo."

Esnath akainuka ghafla hadi kiti kikaanguka. Jenifer akachungulia pazia akidhani ameugua tena.

Vipimo vimeondoka, gauni limebaki. Lupu yake ilikuwa imebaki wapi? Wapi pengine palikuwa na jani la buluu ambalo bado linafunguka na kulia, hata kama halitoi kitu kingine? Inapolia si inasikika? Na kinachosikika si kinarekodiwa? Alitafuta namba ya mama yake mdogo.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Kamwene, mwanangu. Marahaba. Mbona unahema?"

"Mama, ile simu niliyokupa. Nilikuambia ufute kila kitu."

"Ulisema," Dorkasi alijibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiandaa kugombana.

"Ulifuta?"

"Nilifuta zile picha za watu nisiowajua. Hiyo ya jani sikufuta. Ndiyo naiwasha asubuhi nikimenya viazi. Wewe hupigi simu hadi upate shida, nikusikie wapi tena?"

Esnath aliketi sakafuni. Alitaka kulia na kucheka, akafanya vyote viwili. Kisha hofu ikamshika. "Mama, umewahi kununua bando?"

"Bando la nini? Simu ni ya kupigiwa."

Hapo ndipo palipokuwa na uzima. Simu ya Dorkasi haikuwahi kuonja mtandao, na jani la buluu lililokuwa ndani yake halikuwa na habari kwamba wenyewe wamefunga duka. Esnath alimwapisha mama yake mdogo asimpe mtu simu ile, awe kijana wa vocha, awe mjukuu, awe mchungaji. Dorkasi aliapa, ingawa alisema hajaelewa hata neno moja.

Jumamosi Njombe ilikuwa na ukungu wa kukata kwa panga. Kwaya ilishuka ikipuliza mikono, ikaingia studio, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani na mablanketi mlangoni. Dorkasi alikwishafika kabla yao. Esnath alikuwa amemwomba simu tu, lakini simu ilikuwa yake, na haikwenda mahali bila yeye. Aliitoa kifuani, ikiwa imefungwa kwa kitambaa cha kichwa, ikanuka moshi na viazi. Akaiwasha. Akagusa jani.

Tik, tik, tik, tik, tik, tik, tik, tok. Mm-hmm. Mm-hmm.

Rabson alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani. Brayson alifurahi kuliko wote, akaichukua simu mkononi, akatazama kile kitufe cha kuitoa kama wimbo wa kawaida.

"Hiki hapa! Kinataka mtandao tu. Ngoja niwashe hotspoti, sekunde mbili iko kwenye kompyuta yangu."

Kidole chake kilikuwa kimeshashuka.

"ACHA!"

Chumba kizima kiligeuka. Esnath alikuwa hajapaza sauti mbele ya kwaya tangu siku ya kisu, na hakuna aliyejua kwamba ule mkwaruzo unaweza kujaza chumba namna ile. Trei za mayai zenyewe zilishindwa kuumeza.

"Usiiwashie mtandao, mwanangu," alisema, sasa kwa upole. "Hiyo simu haijapelekewa taarifa ya msiba. Ukiiunganisha tu, itaambiwa, na itafunga kama ilivyofunga yangu. Tuiache isijue. Sisi tuichukue kwa kuisikia."

Brayson aliondoa kidole pole pole kama mtu aliyegundua ameshika jiko. Kisha akacheka, akasema mama yuko sahihi, na waya anao wa kuunganisha pale tundu la spika za masikioni. Walilitazama tundu. Ndani mlikuwa na kipande cha waya kilichovunjikia humo na udongo wa mashamba mawili ya viazi.

"Basi, maiki," Brayson alisema.

Wakailaza simu juu ya mto, wakaisogeza mbele ya maiki, wakafunika vyote kwa blanketi kama mgonjwa wa homa. Kwaya ikaambiwa isipumue. Mara ya kwanza iliharibika, kwa sababu katikati ilisikika mm-hmm ya tatu ambayo haikuwa ya Esnath.

"Mama!"

"Sikuimba," Dorkasi alisema. "Nilikuwa nahema."

"Ulikuwa unahema kwa kufuata mdundo?"

"Nimeizoea, mwanangu. Kila siku namenya nayo."

Mara ya pili walimpa Dorkasi kipande cha muwa atafunie nje ya mlango, na lupu ikaingia kwenye kompyuta yote, kuanzia tik ya kwanza hadi mm-hmm ya mwisho. Brayson akaiita "Cherehani na sauti" kama ilivyokuwa, akaihifadhi kama wimbo wa kawaida kabisa, wa kufunguka hata kwenye simu ya kitochi yenye kadi. Akaicheza kwenye spika kubwa.

"Hii tok hapa," aliuliza, "ni kosa? Naweza kuitoa."

"Aaa-a!" ilisema kwaya nzima, watu wazima kwa pamoja, na Brayson akainua mikono juu.

Lakini alikuwa na jambo bado. Akainamisha kichwa, akasikiliza tena. "Juu iko vizuri. Chini hakuna kitu. Simu ndogo haina kifua, imekula yote ya chini. Sauti ya mama inaelea tu. Naweza kuweka kinanda kishike hapo chini."

Rabson alikuwa ameshaanza kukubali. Esnath alikuwa akiisikiliza ile sauti ya juu, nyembamba, ya mwanamke aliyekuwa yeye, na kwa mara ya kwanza hakuionea wivu. Aliona kasoro yake. Ilikuwa kitambaa kizuri kilichokatwa vizuri, na hakina kitu ndani.

"Inataka bitana," alisema.

"Nini, mama?"

"Gauni la kitambaa chepesi usiposhona bitana ndani, halikai. Linapepea tu. Hebu nipe hizo spika za masikioni."

Brayson akampa, akamsogezea maiki. Esnath alifunga macho. Lupu ilipofika kwenye tok akaingia chini yake kwa ile sauti ya mkwaruzo, nzito, mm-hmm, mm-hmm, bila kuifukuza ile ya juu, akiifuata tu ilivyo. Mara mbili za kwanza sauti ilimtetemeka kwa hofu. Ya tatu ilitulia. Alipofungua macho aliona Rabson amegeukia ukuta na anajifuta uso kwa kofia, na sauti ya kwanza yote, wanawake aliosimama nao miaka ile yote, wanamtazama na midomo wazi.

"Rudi kwenye mstari, Mama Peace," Rabson alisema alipopata sauti. "Ulezi tutampa mtu mwingine."

Dorkasi alichungulia mlangoni na muwa wake akauliza kama sasa anaruhusiwa kuhema.

Jumatatu asubuhi Jenifer alifika barazani akakuta pazia halipo. Lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti chake. Esnath alikuwa mezani, kalamu ya wino mzito mkononi, lile bunda la kaki limetandazwa lote mbele yake.

"Washa simu yako," Esnath alisema badala ya salamu. "Nimekutumia kitu."

Jenifer akagusa, wimbo ukafunguka pale pale bila kuuliza chochote. Akasikiliza amesimama. Alipoisikia tok akapiga kofi moja la furaha. "Si nilikwambia inaimbika!" Kisha akainamisha sikio. "Na huyu wa chini ni nani? Ana sauti nzuri huyu."

"Ni mimi."

"Wewe ni huyu wa juu."

"Na wa chini pia."

Jenifer alimtazama, akausikiliza tena wimbo, akakaa. Hawakusema mengi kuhusu pazia, wala kuhusu sare zile. Esnath alisema tu, huku akiangalia meza, "Ulinishonea kwaya yangu, nikakununia. Unisamehe," na Jenifer akajibu kwamba hayo yalishaliwa na panya. Lakini macho yake yalikuwa yamelowa, na ya Esnath pia.

Kisha Jenifer akaokota kipande kimoja cha kaki. "Nilisumbuka na huu mguu wa kuku siku nzima. Ni nini?"

"Mkono wa kushoto."

"Yesu na Maria! Mimi nilidhani ni laana. Na huu mwezi?"

"Kola ya mlezi."

Walicheka hadi muuza maharage wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Esnath alikuwa ameshaandika karatasi moja, mgongo, akaisukuma mbele ya mwenzake ili aone. Jenifer alijitahidi kuisoma. Aliigeuza upande, akaisogeza kwenye mwanga, akaileta karibu na pua.

Esnath akamtazama akihangaika, akatikisa kichwa, akampa kalamu.

"Andika wewe," alisema. "Mwandiko wangu nausoma mimi tu."